Chambo Kilicho Hai: Habari za Wavuvi wa Jodari

Katika Injili ya Mtakatifu Mathayo imo habari ya Mtume Petro alipoagizwa aende akatupe ndoana, na kinywani mwa samaki wa kwanza apate fedha ya kulipia kodi. Siku moja tulipokuwa tukiisomesha habari hiyo shuleni, mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, Petro alitia chambo gani?" Wenziwe wakacheka, nasi tulikaribia kucheka, kisha tukaona hatuna la kumjibu, maana Mathayo hakuandika. Wala swali lile halikuwa la upuzi. Mtu aliyezaliwa penye mitumbwi ajua ya kuwa ndoana hununuliwa dukani na mshipi husokotwa nyumbani, bali chambo hutafutwa upya kila kukicha, na asiyekipata hana safari. Tangu siku ile tumeitafuta habari ya chambo kila tulipoweza, na leo twataka kuwasimulia, ndugu wasomaji, sehemu moja yake: chambo kilicho hai, na samaki aitwaye jodari.

Wenzetu wa bara wanajua nyungunyungu wa ukingoni mwa mto. Wa pwani wanajua kipande cha pweza, na kamba, na dagaa. Mvuvi huchoma chambo kwa ndoana, hukitupa, akangoja. Lakini uko uvuvi mwingine, wa kale sana, ambao chambo hakichomwi kwa ndoana hata kidogo. Hutupwa baharini kikiwa kizima, kikaogelea kitakako, na ndoana inayokifuata majini ni tupu. Mtu asiyeuona uvuvi huu husema haiwezekani.

Sababu yake ni tabia ya samaki wawili. Jodari ni samaki wa mbio. Hakai mwambani kama changu, wala hajifichi pangoni kama chewa. Huenda makundi makundi katika maji ya kilindi, akiwinda kwa macho. Kipande cha nyama kizamacho polepole hakimshughulishi sana. Dagaa naye, akitupwa hai kutoka chomboni, huona bahari tupu pande zote, hapana jiwe wala nyasi za kumsitiri. Basi hurudi mbio chini ya kivuli cha chombo. Jodari humfuata. Hivyo dagaa mwenyewe ndiye amletaye adui yake ubavuni mwa wavuvi. Hapo mabaharia hurusha maji juu, matone yakaanguka kama mvua, jodari akadhani ni dagaa wengi warukao. Kundi likishapata wazimu wa namna hiyo halichagui tena, huuma kila king'aacho. Mvuvi ana ufito mrefu, mshipi mfupi na ndoana iliyosuguliwa hata ikang'aa, nayo haina kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Humnyakua jodari majini, akampitisha juu ya bega, na samaki akachomoka mwenyewe akaanguka chomboni. Mkono haumgusi. Kabla samaki hajatulia, ndoana imekwisha kurudi majini.

Watu waliosifika tangu zamani kwa uvuvi huu ni watu wa visiwa vya Maldivi. Visiwa hivi viko katika Bahari ya Hindi, kusini-magharibi ya Bara Hindi. Ni zaidi ya 1,000, vyote vya matumbawe, navyo vimeinuka kidogo tu juu ya maji. Hapana mlima wala mto. Watu hukaa katika visiwa kama 200 tu. Mashamba ya mpunga hawana. Walichopewa ni mnazi na jodari, na kwa vitu viwili hivi wameishi muda wa mamia ya miaka: mnazi ukawapa mbao za chombo, kamba na mafuta, jodari akawapa kitoweo na biashara.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyepita pwani yetu mwaka 1331 akazuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alifika Maldivi mwaka 1343, wakamfanya kadhi wao. Ameandika ya kuwa chakula chao kikubwa ni samaki mwenye nyama nyekundu, ambaye hukatwa vipande vinne, huchemshwa kidogo, hutiwa katika vikapu vya makuti na kutundikwa moshini mpaka akauke. Samaki huyo, asema, hupelekwa Bara Hindi na Uchina na Yemeni. Basi tangu karne ya 14 jodari wa Maldivi alikuwa ni mali ya kusafirishwa ng'ambo. Lakini habari ya chambo Ibn Battuta hakuiandika. Twadhani kadhi hakuamka alfajiri kwenda mwambani pamoja na wavuvi. Alikuwa na kesi za kusikiliza, na wake pia, maana alioa huko zaidi ya mara moja.

Aliyeandika ni mtu mwingine, tena hakwenda kwa hiari. Mwaka 1601 meli mbili zilitoka mji wa Saint-Malo katika Ufaransa kwenda kutafuta viungo mashariki. Moja, jina lake Corbin, ilipanda mwamba Maldivi mwezi wa Julai 1602. Wengi katika mabaharia wake walikufa. François Pyrard alisalia, akajifunza lugha ya wenyeji, akakaa nao miaka kama mitano, kwani hakuruhusiwa kuondoka. Mwaka 1607 wanyang'anyi waliotoka Bengali waliushambulia mji wa Male, sultani akauawa, na katika ghasia ile Pyrard akapata njia ya kutoka. Kitabu chake kilipigwa chapa Paris mwaka 1611, na ndani yake ameeleza jinsi wavuvi wale walivyokuwa wakiweka samaki wadogo, wazima, katika nyavu za kamba ya nazi zenye matundu madogo, na jinsi walivyowatapanya baharini na kuvua kwa ndoana nyeupe isiyo na kitu juu yake. Mtu angesoma maneno yale pasipo kuona mwaka ulioandikwa, angeweza kudhani ni habari za juzi.

Sasa natuangalie kazi yenyewe ilivyokuwa wakati wa matanga, maana hapa ndipo penye maarifa. Chombo chao kilijengwa kwa mbao za mnazi, na katikati yake walitenga chumba cha chambo. Katika sakafu ya chumba hicho walitoboa matundu na kuyatia vizibo. Ndiyo, wasomaji, walitoboa chombo chao wenyewe. Vizibo vikiondolewa, maji ya bahari huingia kwa nguvu kutoka chini. Mabaharia wawili husimama humo wakiyakumba na kuyamwaga nje pasipo kupumzika, na kwa hiyo maji hubadilika daima. Wakiacha kukumba, chombo chajaa maji. Wakiziba matundu, chambo chafa kwa kukosa pumzi. Tumeona watu wakisema kwamba fundi wa zamani hakuwa na elimu. Na waseme watakavyo, lakini aliyefikiri chumba hiki alijua ya kwamba samaki avuta pumzi kutoka majini, na ya kwamba maji yasiyobadilika huchakaa kama hewa ya nyumba iliyofungwa madirisha.

Asubuhi na mapema chombo kilikwenda kwanza mwambani, si kilindini. Waliteremsha wavu wa mraba ubavuni kwa miti, wakamwaga juu yake nyama ya samaki iliyopondwa, na vijana wakajitosa majini kuwatisha samaki wadogo waje juu ya wavu. Kisha wavu ukainuliwa kwa pamoja. Kazi hii yaweza kwisha mara moja, nayo yaweza kumaliza nusu ya siku. Ilikuwa desturi kuwateka wale samaki kwa vyombo vilivyojaa maji, wasiguswe kwa mikono, maana dagaa aliyepukutika magamba hafiki mchana.

Na si kila samaki mdogo afaaye. Watu wa Maldivi wana majina yao. Rehi ni dagaa mwembamba mwenye mstari wa fedha ubavuni. Jodari humpenda mno, bali ni dhaifu, hufa upesi akisongwa. Hondeli ni ndugu yake, mwenye rangi ya samawati. Miyaren ni wa jamii nyingine ya dagaa, naye pia ni laini. Boadhi ni samaki wadogo wakaao katikati ya matawi ya matumbawe, nao ni wagumu zaidi, hustahimili chumbani. Muguraan ni watoto wa samaki tumwitaye mbono. Upatikanaji wao hubadilika kwa majira ya pepo, kama kwetu ilivyo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na nahodha mwema hujua ni mwamba upi utakaompa chambo gani mwezi gani. Ajua pia kwamba akichukua wengi kupita nafasi ya chumba atafika kilindini na mizoga. Chambo cha kufaa kina sifa nne: king'ae, kiwe kidogo hata jodari akimeze mara moja, kiweze kuishi chumbani, na kikitupwa kikimbilie chombo wala kisizame. Ni taabu kupata samaki mmoja mwenye zote nne. Rehi anazo tatu na kukosa moja, na moja hiyo ndiyo iliyowachosha wale wakumbao maji.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutupa chambo. Wavuvi wenye fito ndio watazamwao na wageni, lakini twaona yeye ndiye aliyeshika safari mkononi. Akitupa haba, kundi latawanyika. Akitupa kwa pupa, chumba chatupu na kundi bado li papo. Hutupa kidogo kidogo, akiwatazama jodari, kama mama agawaye uji wakati wa njaa.

Jodari waliovuliwa walirudishwa kisiwani siku ile ile, na hapo kazi ilikuwa ya wanawake: kukata, kuchemsha, kukausha kwa moshi na kwa jua mpaka kipande kikawa kigumu kama mti. Kipande hicho hukaa muda mrefu pasipo kuoza, katika nchi ya joto isiyokuwa na barafu. Soko lake kubwa lilikuwa Ceylon, ambayo sasa yaitwa Sri Lanka. Watu wa huko hukiponda na kukitia katika mchuzi wa mboga. Kwa bei yake watu wa Maldivi walinunua mchele. Wakati wa vita vya pili vya dunia meli za biashara zilipoadimika, mchele haukufika, na visiwa vikaingia njaa kali ambayo wazee waliisimulia miaka mingi baadaye. Jodari walikuwapo baharini kama kawaida.

Hapa twaomba ruhusa tutoke njiani kidogo, tusije tukadhaniwa kwamba twasifu ya wengine na kuyasahau ya kwetu. Pwani yetu pia ilikuwa na namna ya kumtumia samaki hai kuvulia, nayo ni ya ajabu kuliko ile ya Maldivi. Yuko samaki aitwaye chazo, mwenye kibandiko kichwani, ambaye hujigandisha kwa papa na kasa na hata kwa vyombo. Wavuvi wa zamani walimfuga, wakamfunga kamba penye mkia, wakaenda naye baharini. Walipomwona kasa amelala juu ya maji, walimwachilia chazo, naye akamwendea na kumganda, wakavuta kamba polepole mpaka kasa akafika mkononi. Frederic Holmwood, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliandika juu ya uvuvi huu, na maandiko yake yakatolewa na chama cha wataalamu wa wanyama cha London mwaka 1884. Wataalamu wengine hawakusadiki kwanza. Lakini mabaharia wa Columbus walikuwa wameuona uvuvi wa namna ile ile karibu na Cuba mwaka 1494, na watu wa visiwa vya Torres kaskazini ya Australia waliujua pia. Jinsi watu wa pembe tatu za dunia, wasiojuana, walivyofikia shauri moja, ni jambo la kufikiri. Leo kasa amelindwa kwa sheria katika Kenya na Tanzania, kwa sababu wamepungua sana, na kazi ya chazo imekwisha. Nasi haturudi kuisifu.

Turudi kwa jodari. Wajapani nao tangu zamani wamevua jodari wa milia kwa fito na dagaa hai. Wao walijua jambo moja zaidi: dagaa aliyetoka wavuni sasa hivi ana hofu na majeraha, hafai kusafirishwa upesi. Kwa hiyo walimweka siku kadhaa katika matundu makubwa yaeleayo karibu na pwani, mpaka wadhaifu wafe na waliobaki wazoee kusongamana, ndipo wakawatia chomboni. Wajapani waliohamia Marekani mwanzo wa karne ya 20 wakaenda na ufundi huu California. Huko mwaka 1903 Albert Halfhill alikuwa amejaribu kumtia jodari mweupe katika makopo mjini San Pedro, na watu wakampenda. Viwanda vikazidi, na viwanda vikataka samaki wengi. Katika kisiwa kiitwacho Terminal Island, bandarini, pakawa na kijiji cha wavuvi Wajapani. Katika San Diego walikuwako hasa Wareno na Waitaliano. Wote walivua kwa fito na chambo hai.

Kisha katika miaka ya 1920 jodari mweupe akahama pwani ile. Meli zikalazimika kuwafuata jodari wengine kusini, mbele ya Mexico, mpaka Panama na visiwa vya Galapagos. Sasa shida haikuwa samaki; shida ilikuwa kumweka dagaa hai siku nyingi safarini. Wakajenga matangi makubwa juu ya sitaha, na pampu za kuyabadilisha maji usiku na mchana. Ni chumba kile kile cha Maldivi, ila mashine ilikumba maji badala ya mabaharia wawili. Pampu ikiharibika usiku, asubuhi hapana chambo, na safari ya majuma imepotea. Nyuma ya meli walitundika vyuma kama rafu, karibu na uso wa maji, na wavuvi wakasimama humo mawimbi yakiwapiga magotini na papa wakizunguka. Jodari akiwa mkubwa, watu wawili, hata watatu, walifunga fito zao kwa ndoana moja, wakamwinua kwa pamoja. Anayechelewa kuinua pamoja na wenziwe huwatia hatarini.

Vita vilipofika, meli hizi kwa kuwa zilikuwa na barafu na nafasi kubwa zilichukuliwa na jeshi la bahari la Marekani, zikapeleka nyama na mahitaji kwa askari katika visiwa vya Pasifiki. Baadhi yao hazikurudi. Lakini wale Wajapani wa Terminal Island, ambao wenzao wa nchi ile walijifunza mengi kwao, waliona jingine. Mwezi wa Februari 1942 watu kama 3,000 wa kijiji kile, wengi wao wamezaliwa Marekani, waliamriwa kuhama kwa saa 48. Waliuza nyavu na vyombo vya nyumbani kwa bei ya kutupa, au waliviacha. Baadaye wakapelekwa makambini pamoja na maelfu ya wenzao. Kijiji kikabomolewa. Walipofunguliwa hawakukuta nyumba ya kurudia. Twaandika haya kwa sababu mtu alaye samaki wa kopo hasomi habari hizi katika karatasi iliyobandikwa juu yake.

Vita vilipokwisha, chambo chenyewe kikaanza kuadimika. Katika ghuba ya Nicoya, nchi ya Costa Rica, dagaa waliokuwa wakichukuliwa kwa wingi walitoweka. Watu wakashtuka. Mwaka 1949 Marekani na Costa Rica zikatia sahihi mapatano ya kuunda tume ya kuchunguza jodari wa Pasifiki ya mashariki; na ukiyasoma mapatano hayo utaona kwamba hayakutaja jodari peke yao, bali pia samaki watumiwao kuwa chambo chao. Twapendezwa sana na neno hilo. Mataifa mawili yaliketi mezani kwa ajili ya dagaa. Nalo lilikuwa la haki, kwa kuwa jodari yu katika bahari ya mbali ambayo kila mtu alisema haina mwenyewe, bali dagaa yu penye ufuko, na ufuko una wenyewe.

Wenyewe hao walionekana wazi zaidi katika visiwa vya Solomon. Serikali ya huko ilifanya ubia na Wajapani mwaka 1973 kuvua jodari kwa fito, na meli zilihitaji chambo kila usiku kutoka katika maji yaliyozungukwa na miamba. Miamba ile ilikuwa mali ya koo za wenyeji tangu mababu. Basi ikakubaliwa kwamba koo zilipwe fedha kwa chambo kichukuliwacho kwao. Magomvi hayakukosekana, juu ya mpaka wa ukoo huu na ule, na juu ya nani apokee fedha kwa niaba ya nani. Wasomaji wenye mashamba ya urithi hawatastaajabu.

California haikungoja tume imalize kazi. Katika miaka ya 1950 mtu mmoja aliyetoka Kroatia, jina lake Mario Puratić, alibuni kapi la mashine la kuvuta wavu mkubwa, na wakati huo huo zikapatikana nyavu za nailoni zisizooza. Kati ya mwaka 1957 na 1961 karibu meli zote kubwa za San Diego ziling'oa matangi ya chambo na kuweka wavu wa kuzungusha. Chambo cha nini tena? Wavu wazunguka kundi zima, wafungwa chini kama mfuko, na tani nyingi zatoka mara moja. Watu wengi wenye elimu walisema uvuvi wa fito sasa ni mambo ya kale. Lakini katika bahari ile jodari wakubwa huandamana na pomboo. Meli zikawa zawazingira pomboo ili ziwapate jodari walio chini yao, na pomboo walikufa wavuni kwa mamilioni mpaka sheria za mwaka 1972 na zilizofuata zilipoanza kuwazuia. Mvuvi wa fito hajaua pomboo, kwa kuwa ndoana yake huinua samaki mmoja, naye amemwona.

Na Maldivi? Mwanzo wa miaka ya 1970 Sri Lanka ilipungukiwa na fedha za kigeni ikazuia kununua, na biashara ya jodari mkavu ikaanguka. Watu wa visiwani wakaanza kuuza samaki mbichi kwa meli za barafu za Wajapani. Mwaka 1974 injini zikaanza kutiwa katika vyombo, na kwa miaka michache tanga likawa kitu cha akiba. Chombo kikafika mbali zaidi, samaki wakaongezeka, na mahitaji ya chambo yakaongezeka pamoja nao. Kila mtu husimulia faida hizo, nazo ni za kweli. Lakini samaki aliyepokewa baharini na meli ya barafu hakufika tena kisiwani kwa wanawake. Kazi ya kuchemsha na kukausha, iliyokuwa yao tangu zama za Ibn Battuta au kabla yake, ikapungua sana, na fedha iliyopitia mikononi mwao ikapungua vile vile. Hatujaona mahali walipoulizwa.

Hata hivyo wavu wa kuzungusha hawakuukubali. Waliendelea na fito, na mwezi wa Novemba 2012 uvuvi wao wa jodari wa milia ulipata hati ya baraza lithibitishalo uvuvi usioharibu bahari, na makopo yao huuzwa madukani Ulaya yameandikwa kwamba samaki alivuliwa kwa fito. Jambo lililohesabiwa ushamba limekuwa la kulipiwa zaidi.

Shida iliyobaki ni ile ya mwana wa mvuvi. Vyombo vya sasa ni vikubwa, hukaa baharini siku kadhaa, na vyumba vyao vyameza dagaa wengi. Wengi huvua chambo usiku kwa taa kali za umeme zinazowakusanya dagaa kutoka mbali, na wachukuao kupita kiasi bado wafika kilindini na mizoga, kama wale wa zamani. Wageni waendao Maldivi kutazama samaki wa mwambani hawapendi kuona nyavu pale, na wenye nyumba za kupokea wageni hugombana na wavuvi kwa ajili ya mwamba mmoja. Chumba cha chambo kingali katikati ya chombo, na matundu yake chini. Ila hapana tena mabaharia wawili wasimamao humo wakikumba maji. Maji hupigwa na pampu, na wale wawili wamepewa fito.